Mteja Anabadilisha Ramani Kila Wiki? Tafuta Chanzo Kabla Hujachora Tena

"Mteja huyu hajui anachotaka." Kauli hii inasikika katika kila ofisi ya ujenzi, na mimi niliitoa mara nyingi nilipokuwa naanza kazi. Siku hizi nikimsikia kijana akiisema huwa namuuliza swali moja tu: wewe ulimuuliza nini? Karibu kila mara jibu ni lile lile: "Nilimuuliza anataka vyumba vingapi." Tatizo limeanzia hapo. Mtu akiulizwa vyumba atajibu vyumba, wakati haja yake ni maisha au kazi anayotaka iende vizuri ndani ya vyumba hivyo. Hiyo hakuna aliyemuuliza.

Mwongozo huu ni wa msanifu, mhandisi, mkadiriaji majenzi au fundi mkuu anayekutana na mteja mwanzoni kabisa, kabla jembe halijagusa ardhi. Mwenye mali naye akiusoma atapata cha kumsaidia kujieleza. Nimeupanga kwa dalili, kwa hiyo anza na ile inayokusumbua leo.

## Dalili: Kila mkutano ramani inabadilika

Mkutano wa kwanza sebule ilikuwa mbele. Wa pili ikahamia nyuma. Wa tatu mteja amekuja na dada yake, na dada anauliza kwa nini ngazi ziko pale. Umeshachora mara 5 na bado mko palepale.

Chanzo ninachokikuta zaidi ni kwamba mteja hasomi ramani. Sisi tukiona mstari mnene tunajua ni ukuta, na tukiona robo ya duara tunajua mlango unafungukia upande gani. Yeye anaona mistari. Anaitikia kwa adabu, anakunja karatasi, anaondoka. Usiku, nyumbani, mtu mmoja anamwelekeza kwa kidole kwamba mlango wa choo unatazamana na meza ya chakula, na hapo ndipo anaiona nyumba yake kwa mara ya kwanza. Asubuhi anakupigia simu. Wewe unasema amebadilika, kumbe ndiyo kwanza ameelewa ulichomchorea.

Kipimo chake ni chepesi. Mpe kalamu, mwambie: "Mama, umerudi jioni, mikono yote ina mizigo. Nionyeshe unapita wapi, unaiweka wapi, kisha unakwenda wapi." Kalamu ikisita, au ikikatiza ukuta kana kwamba haupo, umepata jibu.

Dawa ni kutoka kwenye karatasi. Kama kiwanja kipo, chukua vigingi, kamba na chokaa, upime chumba kwa ukubwa wake halisi. Kama hakipo, sakafu ya ofisi inatosha. Bwana mmoja alishikilia chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, akiamini anaokoa fedha. Nilimchorea sakafuni kwa chaki, nikalaza boksi lililokunjuliwa la ukubwa wa kitanda, urefu wa mita 2 kutoka ukutani, na ukuta wa mkabala nikapiga mstari wa kabati lenye kina cha sentimita 60. Nikamwomba afungue kabati. Alipiga hatua moja nyuma ili mlango upate nafasi, na kisigino chake kikakanyaga boksi. Hesabu aliiona kwa mguu: 3 kutoa 2, kutoa 0.6, zinabaki sentimita 40. Alisimama kimya kidogo, akasema, "Hapa mama watoto atapita wapi?" Yeye mwenyewe akachukua sentimita 60 kutoka sebuleni, na kuanzia siku ile chumba kile hakijajadiliwa tena.

Tahadhari moja ya kitaalamu: chumba kilichochorwa chini bila kuta, hasa nje, huonekana kidogo kuliko kitakavyokuwa. Ukimwonyesha mteja mistari mitupu atataka kuongeza kila kitu. Weka vitu ndani yake, boksi, viti, hata matofali yaliyopangwa, ili kipimo kiwe ni mwili wake kupita, macho peke yake yatamdanganya.

## Dalili: Mteja hana tatizo lolote, orodha yake imekamilika

Hii haionekani kama dalili, na ndiyo maana ninaiogopa zaidi ya zote. Mteja amekuja na orodha safi. Unachora, anakubali, mnajenga. Mwaka mmoja baadaye jengo ni zuri na shida iliyomleta kwako bado ipo.

Daktari mmoja mwenye kliniki alinijia na ombi lililonyooka: aongezewe vyumba 3 vya kuonea wagonjwa, kwa sababu foleni ilikuwa inamshinda. Vipimo alikuwa navyo, fedha alikuwa nayo. Nikamwambia, "Daktari, niruhusu asubuhi moja nikae kwenye benchi na wagonjwa wako." Nilikaa tangu mlango ulipofunguliwa, daftari mapajani. Benchi likajaa, watu wakaanza kuegemea ukuta. Lakini kila nilipopita korido, chumba kimoja au viwili vya madaktari vilikuwa havina mgonjwa. Daktari yupo, amekaa, anasubiri. Kilichokwama kilikuwa dirisha moja la usajili. Dada aliyekuwa pale aliandika jina, akapokea malipo, kisha akainuka kwenda chumba cha mwisho wa korido kutafuta faili. Kila alipoinuka, foleni nzima ilisimama.

Tulichojenga ni madirisha mawili ya usajili, chumba cha mafaili mgongoni mwa madirisha hayo chenye uwazi wa kupitishia faili, na chumba kimoja tu cha daktari badala ya vitatu. Angejenga vile vitatu, angekuwa na vyumba vitatu zaidi vya madaktari wanaosubiri.

Chanzo cha tatizo hili ni heshima iliyokosewa mahali pake. Tunadhani kumheshimu mteja ni kuchukua orodha yake ilivyo. Mgonjwa akiingia kwa daktari na kutaja jina la dawa, daktari mzuri anamsikiliza, kisha anauliza anaumwa wapi. Toyota ilijulikana kwa zoea la kuuliza "kwa nini" mara 5 mfululizo mpaka kiini cha hitilafu kionekane. Wazo ni zuri, lakini ukimrushia mteja "kwa nini" tano atajiona yuko mahakamani. Mimi hugeuza maneno: "Hicho chumba kikishapatikana, nini kitakuwa rahisi ambacho leo ni kigumu?" Au: "Leo mnafanyaje bila hicho?" Majibu ya maswali haya mawili yana uzito kuliko orodha nzima. Na kama kuna jengo analotumia sasa, nenda ukakae ndani yake. Nusu siku ya kukaa kimya na kutazama imenipa zaidi ya mikutano mitatu.

## Dalili: Kilichokubaliwa jana kimepinduliwa leo

Mteja si mwongo. Uwezekano mkubwa ni kwamba unayeongea naye siye mwenye neno la mwisho. Kuna anayelipa, kuna anayeamua, kuna atakayetumia, kuna atakayefagia na kukarabati. Katika nyumba ya familia wanaweza kuwa mtu na mwenzake. Katika shule au kampuni ni watu wanne ambao huenda hawajawahi kukaa meza moja.

Jumba la Opera la Sydney linalitoa somo hili kwa gharama kubwa mno. Masharti ya shindano la kulisanifu, la mwaka 1956, yalitaka ukumbi mkubwa ambao ungebeba muziki wa okestra na pia opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, pamoja na ukumbi mdogo. Ni matumizi mawili yanayovutana: opera inahitaji jukwaa refu lenye mitambo na mahali pa kuficha mandhari, okestra inahitaji mwangwi wa namna yake na viti vingi. Ujenzi ulianza mwaka 1959 kabla hata hesabu za paa hazijakamilika, na nguzo za chini zilizojengwa mapema zikabidi zijengwe upya kwa kuwa zisingebeba paa lile. Baadaye, shirika la utangazaji ambalo okestra ilikuwa chini yake likashikilia mahitaji yake, na mwaka 1967 ikaamuliwa ukumbi mkubwa uwe wa muziki peke yake, opera ihamie ukumbi mdogo. Mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang'olewa. Jumba lilifunguliwa mwaka 1973 kwa dola za Australia milioni 102, wakati makadirio ya mwanzo yalikuwa milioni 7. Mambo mengi yalichangia tofauti hiyo, lakini lile la nani anaupata ukumbi mkubwa lilikuwa swali la siku ya kwanza, na lilijibiwa mitambo ikiwa imeshafungwa.

Anayetumia asipoulizwa kabisa, madhara huja kwa njia nyingine. Huko St. Louis, Marekani, mtaa wa Pruitt-Igoe ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11, na ili kubana gharama lifti zilisimama baadhi ya ghorofa tu, wakazi wengine wamalizie kwa ngazi. Mtaa ulianza kukaliwa mwaka 1954 na ukaanza kubomolewa mwaka 1972. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi, za umaskini na za utawala. Hata hivyo, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi angeulizwa kuhusu lifti ile, angejibu kwa sentensi moja.

Cha kufanya: mkutano wa kwanza kabisa, uliza wazi, "Nani akisema hapana, kazi inasimama?" Andika jina. Kisha uliza, "Nani atalitumia jengo hili kila siku, naye nitamwona lini?" Andika na hilo. Wakiwa wengi, waombe wamteue mmoja wa kutoa uamuzi kwa maandishi. Usikubali kuwa mjumbe wa kubeba maneno ya mume kwenda kwa mke, au ya mkurugenzi kwenda kwa mhasibu. Waketi pamoja walau mara moja, wabishane mbele yako sasa, ubishi ukiwa bado haugharimu tofali.

## Dalili: Makadirio yamerudi mara mbili ya fedha iliyopo

Kabla hujaanza kupunguza madirisha, angalia mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, neno "bajeti" lina maana mbili mezani. Mteja akitaja kiasi, kichwani mwake ni gharama ya kila kitu hadi siku anapohamia: ada za wataalamu, kibali, kuvuta maji na umeme, maji taka, uzio, fanicha, hata mapazia. Mkadiriaji anaposikia kiasi kile kile anaelewa jengo peke yake. Wote wawili wako sahihi na wanapishana mbali. Kaa na mteja mkiwa na karatasi yenye mistari hiyo yote, mwache yeye aweke alama pale fedha yake inapoishia.

Pili, hesabu ya ukubwa. Ukijumlisha vyumba vya orodha ukapata mita za mraba 120, jengo halitakuwa 120. Kuta zina unene, korido na ngazi zina nafasi yake, mabomba yanahitaji pa kupita. Katika hatua hii mimi huongeza robo hadi theluthi, kwa hiyo jengo ni 150 hadi 160. Mteja aliyepiga hesabu kwa 120 atasema umemzidishia, ilhali hakuna aliyemwambia kwamba njia ya kupita nayo hujengwa.

Tatu, fedha iliyofichwa. Wateja wengi hawataji kiasi chao halisi, wakihofia kwamba wakikitaja kitamalizwa chote. Siwalaumu, wengi wameshaumizwa. Kwa hiyo usiulize "Una kiasi gani?" Uliza, "Gharama ikifika wapi, huu mradi bora usianze?" Jibu la swali hilo huwa la kweli. Halafu uliza fedha inakujaje: yote kwa mkupuo, kwa mkopo wenye tarehe, au kidogo kidogo kadiri inavyopatikana. Fedha ya kidogo kidogo inataka jengo linaloweza kusimama kwa awamu, kila awamu ikiwa na paa na mlango unaofungwa. Hilo ni wazo la usanifu kabisa, si la uhasibu, na ukilijua baada ya kuchora utarudi mwanzo.

Usitoe tarakimu moja mwanzoni. Makadirio ya kabla ya michoro yanaweza kukosea kwa theluthi, hata nusu, na mteja atakumbuka ile tarakimu ya kwanza maisha yake yote. Toa kiwango cha chini na cha juu, tenga asilimia 10 hadi 15 ya dharura, na umweleze dharura ni nini, maana wengine huiona kama akiba ya kununulia vigae bora.

## Dalili: "Wewe fanya unavyoona"

Ukifurahia uhuru huu, utaulipia. Mtu anayesema hivi ana ladha yake na ana machungu yake, ila hana maneno ya kuyataja, au anaona aibu kuonekana hajui. Acha kumuuliza anachotaka. Muulize kinachomkera pale alipo sasa. Hapo hata mkimya huongea: chumba kinachounguza mchana, mlango unaogonga, wageni wanaopita chumbani ili kufika bafuni. Kila kero ni haja iliyogeuzwa kichwa chini, na ukiigeuza unaandika sharti la usanifu.

Wengine hujibu kwa picha za simu, thelathini kwa mara moja. Usizidharau wala usizinakili. Mwombe achague tatu, na kwa kila moja aweke kidole palipomvutia. Utashangaa: aliyeleta picha ya jumba la vioo, kidole chake kinatua kwenye kivuli cha mti.

## Dalili: "Baadaye tutapandisha ghorofa"

Sentensi hii husemwa wakati wa kuagana, mlangoni. Irudishe mezani papo hapo. Msingi na nguzo za nyumba ya chini hazibebi ghorofa kwa sababu tu mwenye nyumba amepata fedha baadaye. Ama ghorofa ihesabiwe leo, udongo upimwe kwa uzito huo, mahali pa ngazi paachwe na mabomba yapewe njia ya kupanda, ama mteja aelezwe waziwazi kwamba mlango huo unafungwa. Kuongeza uimara wa msingi leo ni nyongeza. Kuutafuta chini ya nyumba yenye watu ni mradi mwingine.

Uliza pia kuhusu miili ya watu. Nani ataishi hapa miaka 10 ijayo, na atakuwa na umri gani? Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la mita 1.5 kugeukia na mlango wenye upana wazi wa sentimita 80 hadi 90. Njia ya mteremko ya uwiano wa 1 kwa 12 ina maana kwamba sakafu ikiinuliwa sentimita 60 kutoka ardhini, mteremko unataka mita 7.2 za urefu. Nimeona mzee akibebwa na wanawe kuingia nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Mita hizo saba hazikutajwa tu siku kiwanja kilipokuwa kitupu na nafasi imejaa tele.

## Dalili: Mteja anataka kuchimba msingi wiki hii

Haraka yake huenda ina sababu halali: mkopo, mkataba wa pango unaoisha, msimu wa mvua. Ijue tarehe hiyo na chanzo chake, kwa sababu nayo ni haja. Kisha mweleze mpangilio wa kazi. Taasisi ya wasanifu majengo ya Uingereza, RIBA, hugawa mradi katika hatua 8, kuanzia 0 hadi 7, na mchoro wa wazo huingia hatua ya 2. Hatua mbili nzima ni za kuuliza, kupima na kuandika. Mwaka 1976 mhandisi Boyd Paulson alionyesha kwa mchoro jambo tunaloliona kila saiti: uwezo wa kubadili gharama ni mkubwa mwanzoni fedha ikiwa haijatoka, na hushuka kadiri malipo yanavyopanda. Ukimpigia mchoro huo kwa mkono mbele yake, mstari mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, wateja wengi huomba wiki mbili wao wenyewe.

## Waraka wa mahitaji

Kila dalili hapo juu inaishia kwenye karatasi moja au mbili, zilizoandikwa kwa lugha ya mteja. Ziwe na mambo haya: shida inayotatuliwa, nani ataamua na nani atatumia, kinachofanyika ndani kwa siku ya kawaida, yasiyokosekana na yanayoweza kusubiri, fedha inaishia wapi na inakujaje, tarehe na sababu yake, mambo ya kiwanja, na ya baadaye. Kwenye safu ya yasiyokosekana usiruhusu zaidi ya matano. La sita likija, mwombe aondoe moja. Hapo ndipo utasikia haja halisi ikitetewa.

Kabla ya kutia saini, usimsomee. Mpe yeye asome kwa sauti, na mwenzake akiwepo. Wewe sikiliza mahali anapopunguza kasi au kurudia neno, weka alama pembeni kwa penseli, na akimaliza rudini kwenye alama hizo moja moja.